Je, wajua ni nani hasa aliyefichua siri ya Mfalme Oedipus?

Muulize mtu aliyewahi kuisoma tamthilia ya Oedipus, naye atakujibu upesi kwamba siri ilitobolewa na Tiresias, yule mtabiri kipofu. Mwingine atasema ni Oedipus mwenyewe, kwa ubishi wake wa kutaka kujua kila kitu. Wote wawili hawajakosea sana. Lakini ifuate tamthilia hatua kwa hatua uone ni maneno ya nani yaliyombana mfalme mpaka akakosa pa kutokea: ya wazee wa mji, ya mke aliyekuwa akimliwaza, na ya wachungaji wawili wazee ambao hawakuwa na nia ya kumshitaki mtu.

Sophocles aliiandika tamthilia hii mjini Athene, Ugiriki, katika karne ya 5 KK, lakini kisa chenyewe kinatokea Thebes, mji mwingine wa Wagiriki. Mji umeshikwa na tauni, mazao yanakauka, wanawake wanazaa watoto wafu. Creon, shemeji wa mfalme, anarudi kutoka kwa mungu Apollo huko Delphi na jibu moja: muuaji wa Laius, mfalme aliyetangulia, yumo humu humu nchini, na balaa halitaondoka mpaka afukuzwe. Oedipus anaapa kumsaka. Hajui kwamba Laius alikuwa baba yake mzazi, kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyemuua njiani bila kumtambua, na kwamba Jocasta, mjane aliyemuoa, ni mama yake.

Anaanza kwa kutoa tangazo. Mwenye habari ajitokeze, atapata zawadi na shukrani. Muuaji akikiri, ataondoka nchini bila kudhuriwa. Atakayeficha atatengwa: asikaribishwe nyumbani kwa mtu, asisemeshwe, asishirikishwe ibada. Watazamaji wa Athene waliyajua mambo haya vizuri. Kwao kesi ya mauaji haikufunguliwa na polisi bali na ndugu wa marehemu, na mtuhumiwa alipigwa marufuku hadharani asikanyage sokoni wala hekaluni. Ndiyo maana Oedipus anaposema atampigania Laius kana kwamba ni baba yake, ukumbi mzima ulielewa kinachosemwa kuliko msemaji mwenyewe.

Basi, tangazo limetolewa, na hakuna hata mmoja anayejitokeza. Zawadi haikumfungua mtu mdomo.

Hapo ndipo wazee wanapoingia kazini. Wao ndio korasi, kundi la watu 15 wanaoimba, kucheza na kuzungumza na wahusika. Wengi huwaona kama pambo la kujaza nafasi kati ya tukio na tukio, na mimi naona hilo ni kuwaonea. Kiongozi wao ndiye anayetaja uvumi wa zamani kwamba Laius aliuawa na wasafiri fulani. Ndiye pia anayependekeza Tiresias aitwe, ingawa mfalme alikwisha kumtumia wajumbe kwa ushauri wa Creon.

Tiresias anakuja na, baada ya kuchokozwa, anasema wazi: muuaji ni wewe. Ukweli wote umeshasemwa, na tamthilia haijafika hata nusu! Kwa nini basi haisaidii kitu? Oedipus anadhani ni njama ya Creon ya kumpora kiti. Wazee nao, ambao wanamheshimu mtabiri, wanakataa kumhukumu mtu aliyeuokoa mji wao kwa kutegua kitendawili cha zimwi Sphinx, mpaka waone ushahidi. Neno la mtabiri halina shahidi wa kulithibitisha. Inabidi aje mtu aliyekuwapo.

Vipande vinaanza kuanguka kimoja kimoja, na karibu kila kimoja kinatoka kwa mtu anayetaka kumtuliza mfalme. Jocasta anamwambia asiwasikilize watabiri. Laius alitabiriwa kuuawa na mwanawe, lakini mtoto alitupwa mlimani akiwa na siku tatu tu, vifundo vya miguu vimefungwa, na Laius mwenyewe akaja kuuawa na majambazi kwenye njia panda ya barabara tatu. Jocasta alikusudia kumpoza. Oedipus anashtukia hiyo njia panda, kwa kuwa naye aliwahi kuua mtu mahali kama hapo. Anauliza Laius alikuwa na umbo gani, alifuatana na wangapi. Walikuwa watano kwa jumla, anajibiwa, na gari moja. Mmoja tu alinusurika, na huyo, alipomkuta Oedipus ameketi kwenye kiti cha mfalme, alimshika Jocasta mkono akamsihi ampeleke malishoni, mbali kabisa na mji. Jocasta alimkubalia bila kujiuliza mtu huyu anakimbia nini. Oedipus anaagiza aitwe.

Kisha anatokea mzee kutoka Korintho, akiwa na habari anazodhani ni njema: Polybus, mfalme wa huko ambaye Oedipus anamjua kama baba yake, amefariki, na watu wanataka kumtawaza Oedipus. Anakiri kwamba amekuja akitumaini bakshishi. Oedipus anasema haendi: alitabiriwa kumuoa mama yake, naye anadhani huyo ni mke wa Polybus. Mzee anacheka: hao hawakukuzaa, mwanangu, mimi ndiye niliyekupokea kwenye mlima Cithaeron, miguu yako imetobolewa, kutoka kwa mchungaji mwenzangu, mtu wa Laius. Mwanafalsafa Mgiriki Aristotle aliutaja ujio huu kama mfano bora wa jambo linalogeuka kinyume cha lilivyokusudiwa.

Mfalme anawageukia waliosimama pale: yupo anayemjua mchungaji huyo? Kiongozi wa wazee anajibu kwamba anadhani ni yule yule aliyekwisha kuitwa kutoka malishoni. Angalia uzito wa jibu hili. Faili mbili, ya mauaji na ya mtoto aliyetupwa, zimeunganishwa na mzee anayewajua watu wa mji wake. Jocasta naye amekwisha kuelewa. Anamsihi mumewe aache, kisha anaingia ndani.

Mchungaji analetwa. Wazee wanamtambua, mtu wa Korintho anamtambua, lakini mwenyewe anajifanya hakumbuki. Yule mwenzake anamkumbusha: misimu mitatu tulichunga pamoja, miezi sita kila mara, tangu machipuko, wewe na makundi mawili, mimi na moja. Unakumbuka mtoto uliyenipa? Ndiye huyu hapa! Mchungaji anamfokea anyamaze. Oedipus anaamuru akamatwe, mikono ifungwe nyuma. Hilo nalo lilikuwa la Athene, ambako ushahidi wa mtumwa ulipokelewa mahakamani kwa kawaida baada ya kuteswa. Neno kwa neno linamtoka: mtoto alikuwa wa Laius, alikabidhiwa na Jocasta mwenyewe ili amuue. Kwa nini basi ukampa mtu? “Nilimhurumia, bwana.”

Oedipus anapiga ukelele na kukimbilia ndani, ambako Jocasta atakutwa amejinyonga na yeye atajitoboa macho.

Lakini kuna jambo moja ambalo wasomaji wengi hulipita. Mchungaji yule aliitwa kwa swali maalumu: Laius aliuawa na majambazi wengi, kama alivyosema zamani, au na mtu mmoja? Oedipus alikuwa ameshika tumaini lake lote hapo, kwamba mmoja hawezi kuwa wengi. Shahidi pekee wa mauaji amesimama mbele yake, na swali hilo haulizwi kabisa. Wataalamu wanalibishania mpaka leo: wapo wanaosema Sophocles aliona halina haja tena, na wapo wanaodai kwamba kwa sheria tupu, kesi ya Laius haikuwahi kuthibitishwa.