Ulimbwende katika fasihi na sanaa za Ulaya: maana yake

Mwambie mtu wa Dar es Salaam kwamba unasoma ulimbwende, atadhani umejiandikisha kwenye mashindano ya urembo. Hana kosa. Magazeti yetu huwaita walimbwende wale warembo wanaowania mataji, na mitaani mlimbwende ni mtu wa kujipamba na kujitia madaha. Lakini ukifungua kitabu cha nadharia ya fasihi, unakuta neno hilohilo limetwishwa mzigo mwingine: ni jina la mkondo wa fasihi na sanaa uliotikisa Ulaya kuanzia miaka ya 1790 hadi katikati ya karne ya 19. Wapo wanaopendelea kuuita uromantiki, nao hawajatuokoa, kwa sababu mwanafunzi akisikia hivyo mawazo yake hukimbilia mishumaa na maua ya waridi.

Mapenzi yamo, tena tele, ila hayakuanzishwa na walimbwende. Kilichokuwa chao hasa ni ugomvi na sheria: nani ameamua kwamba tamthilia iandikwe hivi, beti zikatwe hapa, picha kubwa wachorewe wafalme tu? Anayetaka kuwaelewa aanze na hizo sheria walizozikuta.

Kwanza tulimalize jina lenyewe. Katika Ulaya ya enzi za kati Kilatini kilikuwa lugha ya kanisa na ya wasomi. Lugha ya watu wa kawaida Ufaransa, iliyozaliwa na Kilatini hicho, iliitwa romanz, na hadithi zilizotungwa kwa lugha hiyo, za mashujaa wapanda farasi na maajabu ya kila aina, zikarithi jina. Karne nyingi baadaye, kitu "cha kiromantiki" kikawa na maana ya kitu kilichokaa kama ngano. Waliolipandisha neno cheo likawa jina la fasihi mpya ni ndugu wawili Wajerumani, August Wilhelm na Friedrich Schlegel, katika jarida lao la Athenaeum walilolianzisha mwaka 1798. Mwaka huohuo washairi wawili, Wordsworth na Coleridge, walitoa diwani yao Uingereza, na katika dibaji ya toleo la 1800 Wordsworth akatetea ushairi unaotumia lugha wanayoizungumza watu wenyewe. Ufaransa, mwandishi Germaine de Staël aliandika kitabu kuhusu Wajerumani na mawazo yao. Polisi wa Napoleon wakakiteketeza mwaka 1810, kikaja kuchapishwa London mwaka 1813.

Nasimama Ufaransa, kwa sababu huko ndiko sheria zilikokuwa kali kuliko kwingine, na kwa hiyo ugomvi ukawa wa wazi.

Karne ya 17 ilikuwa imewaachia Wafaransa mfumo tunaouita urasimi mpya. Tamthilia ya tanzia ilitakiwa kuwa na umoja wa aina tatu: tukio moja, mahali pamoja, na muda usiozidi siku moja. Ilisemekana hayo ni maagizo ya Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, ingawa ukimsoma Aristotle unamkuta anasisitiza umoja wa tukio, wakati anaugusa kwa kupita, na mahali hapataji kabisa. Hilo la mahali liliongezwa na mhakiki Mwitalia, Castelvetro, mwaka 1570. Mwandishi wa tamthilia Corneille alipochezesha Le Cid mwaka 1637, watazamaji walimiminika na wakosoaji wakamshukia kwa madai kwamba amevunja sheria, hata Akademia ya Ufaransa ikatoa hukumu yake. Damu kwa kawaida haikumwagwa jukwaani. Anakuja mjumbe, anasimulia aliyekufa amekufaje.

Juu ya hayo kulikuwa na sheria za beti, na hapa msomaji wa ushairi wa Kiswahili ana faida kubwa kuliko Mwingereza. Mstari wa tanzia ya Kifaransa ulikuwa na mizani (yaani silabi) 12, ukigawanyika sita kwa sita, kama sisi tunavyogawa mizani 16 nane kwa nane, ukwapi na utao. Na ulipaswa kuwa mstari kifu: maana ianze na kumalizika mle mle. Mshairi aliyeachia mstari mshata, maana ikamwagikia mstari unaofuata, alionekana hajui kazi. Anayekumbuka malumbano ya miaka ya 1970 kati ya wanamapokeo na wanamabadiliko, hasa baada ya Kezilahabi kutoa Kichomi, diwani yake ya mashairi yasiyofuata vina na mizani, mwaka 1974, hahitaji kuelezwa watu wazima wanawezaje kutukanana kwa sababu ya mizani.

Kulikuwa pia na adabu ya maneno. Neno la nyumbani au la jikoni halikuruhusiwa kuingia kwenye tanzia. Mfano wake mzuri ni leso. Katika Othello ya Shakespeare kila kitu kinaning'inia kwenye leso aliyoidondosha Desdemona. Mwandishi Mfaransa, Ducis, alipoigeuza tamthilia hiyo kwa Kifaransa mwaka 1792 aliiondoa leso akaweka utepe wa kichwani, kwa kuwa leso ni kitu cha kufutia kamasi na tanzia haina pua. Mshairi Vigny alipoirudisha kwenye tafsiri yake, iliyochezwa Paris mwezi Oktoba 1829 katika ukumbi wa Comédie-Française, neno hilo liliwachefua baadhi ya watazamaji. (Kwetu leso ni ya kufutia jasho na Mombasa ni vazi zima lenye jina na ujumbe. Ducis angeanzia wapi?)

Miezi minne baadaye ukaja usiku ambao kila kitabu cha historia ya tamthilia huutaja, tarehe 25 Februari 1830. Ukumbi ni uleule. Tamthilia ni Hernani, na mwandishi ni Victor Hugo, ambaye kesho yake angetimiza miaka 28. Siku zile kumbi za Paris zilikuwa na wapiga makofi wa kukodiwa, ambao vijana wa leo wangewaita chawa. Hugo aliwakataa. Badala yao aliwagawia marafiki zake, wachoraji, washairi na wanafunzi, vikaratasi vyekundu vilivyoandikwa neno moja la Kihispania, hierro, yaani chuma. Walifunguliwa milango mchana, wakakaa ndani kwa saa nyingi kwenye giza wakisubiri, wakala huko huko chakula walichokuja nacho. Mmoja wao, Théophile Gautier, mwenye miaka 18, alivaa kizibao chekundu cha kuchokoza macho, na mpaka uzeeni watu walimkumbuka kwa kizibao hicho kuliko kwa vitabu vyake.

Pazia likafunguliwa. Mtumishi mwanamke mzee anasikia mlango unabishwa, anajiuliza kama mgeni amefika, maana sauti inatoka kwenye ngazi... na mstari ukaishia hapo. Neno linalofuata, "ya siri", likaangukia mwanzo wa mstari wa pili. Mshata, tena mstari wa kwanza kabisa wa tamthilia! Kwa jinsi Gautier alivyokuja kusimulia, vita vilianzia kwenye neno hilo. Baadaye mfalme anauliza saa ngapi, anajibiwa karibu saa sita za usiku, kama wanavyoulizana watu wowote barabarani. Hilo nalo lilizomewa, kwani mfalme wa tanzia alitarajiwa kuuliza kwa kuzunguka, na kujibiwa kwa kuzunguka vilevile.

Umoja wa mahali ulikuwa umekwisha kutupwa: hadithi inatoka Zaragoza, inakwenda kwenye ngome mlimani, inavuka hadi kaburi la Charlemagne, mfalme wa enzi za kati, huko Aachen Ujerumani, inarudi Zaragoza. Na mwisho watu watatu wanakufa mbele ya macho ya watazamaji. Hata waigizaji hawakuwa upande mmoja. Mademoiselle Mars, nyota wa ukumbi ule, aliyekuwa na miaka 51 akicheza msichana, alikataa kumwita mpenzi wake "simba wangu". Aliona ni kichekesho, akataka kusema "bwana wangu". Mswahili, aliyezoea kumsifu mtu kwa kumwita simba, anabaki kushangaa kilichokuwa kigumu ni nini.

Picha nazo zina simulizi kama hilo, na ukiziweka mbili pamoja unaliona bila kusoma nadharia yoyote. Chukua Kiapo cha Horatii, aliyoichora Jacques-Louis David mwaka 1784. Ndugu watatu wamenyoosha mikono kuelekea panga tatu alizoshika baba yao. Nyuma yao kuna matao matatu. Wanawake wamekaa upande wa kulia wamelegea kwa huzuni. Kila kitu kimepimwa kama mizani, karibu unaweza kuhesabu vina. Ni habari ya Roma ya kale na somo lake liko wazi: nchi kwanza, machozi baadaye. Huo ni urasimi mpya.

Kisha tazama Chelezo cha Medusa cha Théodore Géricault, iliyooneshwa Paris mwaka 1819. Habari yake haikuwa ya kale hata kidogo. Meli ya serikali, Medusa, ilikwama kwenye mchanga mwezi Julai 1816 nje ya pwani ya Mauritania ikielekea Senegal. Nahodha wake alikuwa hajaongoza meli kwa takriban miaka 20; cheo alikipata kwa kuwa mtu wa mfalme. Mashua hazikutosha, watu wapatao 147 wakapandishwa kwenye chelezo cha mbao, kamba iliyokuwa ikikivuta ikaachiliwa, na baada ya siku 13 waliokutwa hai walikuwa 15. Katikati hapo kulikuwa na mapigano, kiu, na kula maiti.

Géricault aliwatafuta walionusurika akawahoji, na akachora viungo vya maiti halisi ili ajue rangi ya mwili unaoanza kuoza. Turubai yake ina urefu wa mita saba na kimo cha karibu mita tano, kipimo cha kuchorea wafalme na ushindi wao. Humo ndani hakuna mfalme. Chini kabisa zimelala maiti, mzee amempakata kijana aliyekufa, halafu miili inapanda mshazari hadi kileleni, ambako mtu mweusi ametupa mgongo anapunga kitambaa kwa meli iliyo ndogo kama chembe kwenye upeo wa bahari. Mwanamitindo aliyetumika kuchora sehemu hiyo, Joseph, alitoka Saint-Domingue, nchi ambayo kufikia wakati huo ilikuwa imejikomboa na kuitwa Haiti. Kumweka mtu mweusi kileleni pa matumaini, katika Ufaransa iliyokuwa bado na watumwa kwenye makoloni yake, hakukuwa bahati mbaya ya brashi. Mmoja wa marafiki waliojilaza ili wachorwe kama maiti ni Eugène Delacroix, aliyekuja kuwa mchoraji mkubwa kuliko wote wa mkondo huo.

Ngazi ya siri, leso, simba, maiti wa Medusa: vyote vilikuwa vitu ambavyo sheria ya zamani ilivitaka vibaki nje. Ndiyo sababu maelezo ya kwamba ulimbwende ni "kutukuza hisia" yananipa shida. Si uongo, ila Racine, mwandishi wa tanzia wa karne ya 17, alikuwa na hisia za kutisha karne moja na nusu kabla ya Hugo. Alizifungia ndani ya mizani 12 na chumba kimoja, na pengine zilichemka zaidi kwa kufungiwa.

Jambo jingine linalowapotosha wanafunzi ni tarehe. Ukisoma madondoo ya mtihani utafikiri mwaka 1830 urasimi ulifunga virago ukaondoka. Mwezi Juni 1838 msichana wa miaka 17 aliyeitwa Rachel alipanda jukwaa lilelile la Comédie-Française kuigiza tanzia ya Corneille, na kabla mwaka haujaisha watu walikuwa wanagombea viti. Januari 1843 akaigiza Phèdre ya Racine kwa mara ya kwanza. Mwezi Machi ikaletwa hapohapo tamthilia mpya ya Hugo, Les Burgraves, yenye kila alichokuwa amekipigania usiku ule wa Hernani, na ukumbi ukaipokea kwa ubaridi.