Je, wajua kwa nini kompyuta ya zamani huipokea kadi mpya ya grafiki kisha ikashindwa kuiwasha?

Ukienda Kariakoo kutafuta kadi ya grafiki ya kuchezea gemu au kuhariri video, utaulizwa mashine yako ni ya mwaka gani. Ukisema 2012, kuna watakaokuambia usipoteze hela, sloti yake imepitwa na wakati. Maelezo hayo yameenea sana, na si ya kweli.

Sloti ndefu ya PCI Express, ile inayochomekwa kadi ya grafiki, ilianza kuonekana kwenye kompyuta za kawaida mwaka 2004, na hadi leo umbo lake ni lile lile. Matoleo yamepanda na kasi imeongezeka, lakini mashine inapowashwa, kadi na madabodi (bodi kuu yenye sloti hiyo) hupatana kwanza, kisha vyote viwili hufuata kasi ya aliye mzee. Kadi ya toleo la 4 kwenye sloti ya toleo la 2 haigomi kwa sababu ya namba hiyo. Inastahili kusifiwa: miaka ishirini ya mabadiliko, na kadi ya juzi bado inaingia kwenye mashine kuukuu. Kasi hupungua kiasi, mara nyingi si sana. Huumia zaidi kadi kama RX 6400, inayotumia njia 4 tu za data kati ya 16 za sloti, na hata hapo inategemea gemu.

Kinachokwamisha ni umeme. Sloti hiyo haitoi zaidi ya wati 75, na kwenye baadhi ya kompyuta zenye makasha membamba mtengenezaji ameipunguza zaidi. Kadi inayotaka umeme mwingi kuliko huo hudai waya wake kutoka kwenye pawa saplai, kile kisanduku kinachogawa umeme ndani ya kompyuta: wa pini 6 huongeza wati 75, wa pini 8 wati 150. Sasa fungua kompyuta ya Dell OptiPlex 7010, ile nyembamba. Pawa saplai yake ni ya wati 240, na waya wa namna hiyo hauuoni.

Hata hiyo 240 isikudanganye, kwa kuwa ni jumla ya laini zote za umeme za pawa saplai, na kadi hula hasa laini ya volti 12. Fikiria simtanki la lita elfu moja lililoungwa bomba la nusu inchi. Maji ni mengi huko juu, lakini bafuni yanafika yale tu ambayo bomba linapitisha, na mtu akifungua jikoni, ya bafuni yananyong'onyea. Prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, ndiyo jiko. Kwa hiyo soma kibandiko kilicho ubavuni mwa pawa saplai, tafuta +12V, kisha zidisha ampea zake kwa 12. Ikiwa 16A, ni wati 192. Prosesa kama Core i5-3470 imepangiwa wati 77, zinabaki 115, na diski na feni bado hazijala. Kadi ya wati 70 itatosha. Ya 130, hapana.

Hapo ndipo jina la kadi linapoweza kukuponza. RTX 3050 ya GB 8 hula wati 130 na hutaka waya. RTX 3050 ya GB 6, iliyotoka 2024, hula 70, na nyingi hazitaki waya wowote. Soma boksi lote.

Ukipewa kiunganishi cha kugeuza plagi ya SATA, ile ya umeme wa diski, kuwa pini 6, kikatae. Plagi ya SATA imeundwa kubeba ampea 4.5 kwenye volti 12, yaani wati 54, huku pini 6 ikitarajiwa kutoa 75. Plastiki inaweza kuyeyuka.

Kasha jembamba linahitaji pia kadi ya kimo kifupi, pamoja na bati lake fupi la nyuma. Na kwa mashine zenye BIOS (programu inayoiamsha kompyuta) ya zamani, zile za kabla ya UEFI iliyochukua nafasi yake, baadhi ya kadi mpya hazitoi picha kabisa, hata kama umeme unatosha. Hilo ni gumu kulitabiri kwa kusoma tu, hivyo beba mashine yako hadi dukani, chomeka monita kwenye kadi yenyewe, si kwenye madabodi, na uone picha kabla hujalipa.