"Alibahatika tu": kauli inayonichosha darasani

Kila muhula nikishaonyesha Harlan County, USA, filamu ya hali halisi ya Barbara Kopple kuhusu mgomo wa wachimba makaa ya mawe, taa zikiwaka tu, mkono wa kwanza unanyooka: "Mwalimu, huyu mama alibahatika. Alikuta mgomo." Muhula huu nimeisikia mara tatu. Ya tatu nilitoka nje nikanywe chai kwanza.

Barbara Kopple hakuukuta mgomo njiani kama mtu anavyookota shilingi. Alianza na habari nyingine kabisa: vuguvugu la kusafisha chama cha wachimba makaa ya mawe wa Marekani, baada ya Joseph Yablonski, aliyegombea kumng'oa rais wa chama, Tony Boyle, kuuawa nyumbani kwake pamoja na mkewe na binti yake mwishoni mwa 1969. Mwaka 1973 wachimbaji wapatao 180 wa mgodi wa Brookside, Kentucky, wakagoma, naye akaiacha mipango yake akahamia kwao. Mgomo wenyewe haukuwa siri. Barabara ya kwenda Harlan ilikuwa wazi kwa kila mwenye kamera.

Alipofika, wanawake wa pale hawakumwamini. Walipoulizwa majina walimtajia ya uongo. Mambo yalibadilika siku gari la kikosi chake lilipopinduka mlimani. Walijikung'uta, wakabeba vyombo mabegani na kwenda kwa miguu hadi walipokuwa wagomaji. Tangu hapo wakawa wanalala na kula kwenye nyumba za wachimbaji. Mgomo ulikwenda miezi 13. Filamu nzima ilimchukua kama miaka minne. Sasa hesabu mwenyewe hiyo bahati ni ya siku ngapi.

Tazameni tena ile sehemu ya alfajiri, giza bado, risasi zinalia na kamera inapigwa mpaka picha inayumba. Kopple yumo mle ndani, anarekodi sauti kwa mikono yake. Kwingine kiongozi wa walinzi wa kampuni anamtaka aonyeshe kitambulisho cha uandishi. Naye anamtaka bwana huyo aonyeshe chake. Jibu la namna hiyo hulipati siku ya kwanza kijijini kwa watu. Ndiyo maana nawalazimisha wanafunzi wangu wakae wiki mbili na wahusika bila kuwasha kamera. Wananung'unika, wengine wamenishtaki kwa mkuu wa idara. Wiki mbili zinabaki pale pale.

Halafu huja dhana nyingine: "Mwanamke apewe habari za jikoni, za hatari tuachie sisi." Hili silijibu kwa maneno, narudisha filamu nyuma. Mahakama ilipopunguza idadi ya wagomaji wanaoruhusiwa kusimama langoni, wake zao ndio walioziba barabara, na mmoja wao anachomoa bastola kifuani mbele ya kamera.

"Filamu ya hali halisi haina hadithi, unaweka tu kilichotokea." Basi nileteeni mkanda mmoja uliojihariri wenyewe.

"Ukishapata Oscar umetoka kimaisha." Kopple alipewa ya kwanza mwaka 1977. Ya pili, kwa American Dream, filamu kuhusu mgomo wa wafanyakazi wa kiwanda cha nyama cha Hormel huko Austin, Minnesota, ilikuja 1991. Toa moja kwa nyingine: miaka 14. Hata baada ya zote mbili aliongoza vipindi vya tamthilia za televisheni, Homicide na Oz. Wanaocheka hapo, nawauliza kodi ya nyumba zao analipa nani.

Halafu kuna swali ambalo si dhana hasa, ila linaniudhi kuliko hizo zote nne, na huulizwa na yule aliyekaa nyuma akichezea simu kipindi chote: "Mwalimu, alitumia kamera gani?"

Ya milimita 16. Na kuna siku mkanda wa filamu uliwaishia kabisa, lakini walikwenda na kamera langoni vilevile, wakajifanya wanapiga picha, kwa sababu walinzi walipoiona kamera mikono yao ilikuwa mizito kidogo.