Kabla hujanunua toroli, weka begi kwenye mizani

Jumamosi iliyopita mwanafunzi wangu mmoja alinipigia simu akiwa dukani. "Mwalimu, hapa kuna toroli la magurudumu matatu la kubebea begi la gofu, na jamaa mwingine ananiuzia kigari cha umeme cha kupanda, cha mtumba. Nichukue nini?" Nikamwambia aache vyote viwili kwanza, arudi nyumbani, apande kwenye mizani akiwa na begi mgongoni, kisha apande tena bila begi. Jioni akaniandikia: kilo 17.

Nafundisha gofu hapa Dar es Salaam, na kabla ya kufundisha nilikuwa kedi, yaani mtu anayembebea mchezaji begi la fimbo. Swali la nani au nini kibebe fimbo zako silijui kwa kusoma, nalijua kwa bega. Ndiyo maana kila anayeniuliza namrudisha kwenye uzito kwanza. Begi likiwa zito kupita kiasi, hata toroli zuri litakusumbua kwenye mwinuko.

Tuhesabu. Begi jepesi lenye miguu ya kusimamia lina kama kilo 2.5 likiwa tupu. Fimbo 14 kwa pamoja ni kama kilo 6. Mpira mmoja kwa kanuni hauzidi gramu 45.93, kwa hiyo dazeni nzima ni kama nusu kilo tu. Weka maji lita moja na nusu, mwavuli, taulo, glovu na vitii vyako, vile vijiti vya kuwekea mpira. Unafika kilo 11 au 12, na hizo zinatosha kabisa kumaliza mashimo 18. Sasa kilo 17 zilitoka wapi? Tulilimwaga begi la huyu ndugu kwenye nyasi: mipira 41, miamvuli miwili, koti la mvua la tangu masika, chupa ya maji ambayo hata yeye hakumbuki aliijaza lini, na fimbo 15.

Ile ya 15 si uzito tu, ni kosa. Ukianza raundi nayo kwenye mashindano ya kuhesabu mikwaju, unaongezewa mikwaju miwili kwa kila shimo ulilocheza nayo, isiyozidi minne kwa raundi. Wamarekani waliweka ukomo wa fimbo 14 mwaka 1938, na R&A ya Uskoti, chombo kinachotunga kanuni za gofu, ikafuata mwaka 1939. Kabla ya hapo Lawson Little, bingwa wa ridhaa wa Marekani na Uingereza, alifikia kuingia uwanjani na fimbo 31. Kila nikiusoma mwaka huo 1938 namfikiria kedi wake.

Tuje kwenye kubeba mwenyewe. Watu huogopa umbali, na kweli raundi nzima ni mwendo wa kilomita 8 hadi 10 ukijumlisha kuzunguka kutafuta mpira. Lakini kinachochosha mgongo ni kuinua na kushusha. Mtu anayepiga mikwaju 90, tuseme 34 kati ya hiyo ni ya kusukumia kwenye grini, lile eneo la nyasi fupi lenye shimo. Inabaki 56. Kwa hiyo karibu mara 56 ataliinua begi na kulitua, na wengi huliinua vibaya: wanaushika ukanda mmoja, wanajikunja kiunoni na kulirusha begani huku mwili umepinda. Fanya hivi: simama karibu kabisa na begi, kunja magoti kidogo, shika mpini wa katikati, livute hadi lilalie nyonga, ingiza bega la kwanza, halafu la pili. Kanda zote mbili. Ukanda mmoja unavuta bega moja chini kwa saa nne nzima, na kuanzia shimo la 14 utaona mipira inaanza kukimbilia upande mmoja. Mtu atakwambia ni mshiko wako. Mara nyingi ni bega limechoka.

Kubeba kunafaa sana kwa kijana, kwa mashimo 9 ya jioni, na kwa uwanja tambarare kama wa hapa kwetu, ambako adui mkubwa ni joto na unyevu wa bahari. Uwanja wa Limuru, Kenya, ulio zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari na una miteremko yake, ni habari nyingine. Pale hewa yenyewe inakudai. Mchezaji wa pwani anayepanda kwenda kushindana huko namshauri asibebe mwenyewe siku ya kwanza, hata kama ana mwili wa mwanajeshi.

Toroli linakuondolea uzito mgongoni, ila chagua la kusukuma, siyo la kuvuta. Ukivuta, mkono mmoja unabaki nyuma na bega linapinda kwa muda wote huo. Ukisukuma, mikono yote miwili iko mbele na kifua kiko wazi. Dukani usiangalie sehemu ya kuwekea simu wala kikombe. Angalia breki. Mwanafunzi wangu mwingine aliliacha toroli lake kwenye mteremko bila kufunga breki, akaenda kupiga mkwaju wake. Tulipogeuka lilikuwa linashuka, kwanza polepole, halafu mbio, likaingia bwawani na kila kitu. Fimbo tulizitoa, simu haikupona. Liegeshe likikingama mteremko, magurudumu yasitazame bondeni, na liweke upande ambao mpira wako hautapita. Ingawa tangu mwaka 2019 mpira wako ukigonga toroli lako kwa bahati mbaya huna adhabu, unacheza pale ulipotua, na sehemu hiyo inaweza kuwa mbaya kuliko adhabu yenyewe.

Toroli la umeme ni zuri kwa mwenye mgongo mbovu. Kabla ya kulipa, uliza tu betri ikifa utapata nyingine wapi.

Ukiniuliza mimi binafsi, kwa viwanja vya Afrika Mashariki, chaguo la kwanza ni kedi. Sisemi hivi kwa sababu nilikuwa mmoja wao. Toroli halijui kwamba grini ya saba inaonekana kama inapanda kumbe inashuka. Toroli halikwambii upepo wa bahari umegeuka tangu saa nne asubuhi. Wachezaji wengi wa kulipwa wa Kenya, Uganda na Tanzania walianza na begi la mtu mwingine begani, na macho yale waliyopata kwa kubeba ndiyo unayoyakodi.

Ila mheshimu. Kubalianeni malipo kabla ya tii ya kwanza, pale raundi inapoanzia, siyo pale chini ya mti baada ya shimo la 18 wakati umechukia mchezo wako. Begi lako liwe la kilo 12, siyo 17. Na zijue kanuni, kwa maana akikosea yeye unaadhibiwa wewe: asisimame nyuma ya mpira kwenye mstari wako unapoanza kuchukua msimamo wa kupiga, na asisimame makusudi kukukinga jua wakati unapiga. Hili la jua kwetu linawaponza wengi. Mtu anaona ni ukarimu, kumbe ni mikwaju miwili.

Kigari cha umeme nakiweka mwisho kwa mtu mwenye afya. Unakaa, misuli inapoa, unashuka kupiga ukiwa umekakamaa. Baada ya mvua za masika, klabu ikiamuru vigari vibaki kwenye njia yake, utatembea kuvuka nyasi hadi kwenye mpira, ugundue umekuja na fimbo isiyofaa, urudi. Ukilazimika, shuka na fimbo tatu mkononi pamoja na ile ya kusukumia. Pakiruhusiwa kuingia nyasini, fuata njia hadi usawa wa mpira wako, ndipo ukate kona moja kwa moja, na usisogelee grini. Gurudumu moja kwenye udongo uliolowa linaacha mtaro ambao mtunza uwanja ataupigania kwa wiki kadhaa.

Lakini mtu mwenye goti lililofanyiwa upasuaji, au mzee wetu ambaye bila kigari angebaki nyumbani, apande bila kuona aibu. Casey Martin, Mmarekani mwenye ugonjwa wa mishipa ya damu mguuni, alilipigania hilo hadi Mahakama ya Juu ya nchi yake, na mwaka 2001 majaji saba dhidi ya wawili wakamruhusu kutumia kigari kwenye mashindano ya kulipwa. Wewe usiye na hali kama hiyo, soma masharti ya shindano kabla ya kujiandikisha, kwa kuwa mengi makubwa hukataza vigari.

Yule ndugu wa kilo 17 bado hajanunua kitu. Begi sasa lina kilo 11.8, amenitumia picha ya mizani. Jumatano atabeba mwenyewe mashimo 9, kanda zote mbili, na Jumamosi nimeshamtafutia kedi anayezijua grini zetu.