Ruzuku ya TASAF Hukokotolewaje kwa Kaya Yenye Watoto?

Katika miaka niliyofanya kazi ya maendeleo ya jamii vijijini, swali nililoulizwa kuliko yote liliulizwa siku ya malipo ya TASAF, mfuko wa serikali ya Tanzania unaozipa kaya maskini ruzuku ya fedha, pembeni ya meza, kwa sauti ya chini: "Mbona mwenzangu kapewa elfu hamsini na mbili na mimi elfu arobaini, ilhali sote tuna watoto?" Muulizaji huwa na jibu lake tayari, nalo ni kwamba viongozi wa kijiji wamempendelea jirani. Mkutano wa kijiji kweli hushiriki kutambua kaya maskini, na hapo upendeleo unaweza kujipenyeza. Kiasi cha fedha, hata hivyo, hakipangwi kijijini. Hutokana na taarifa za kaya zilizoandikishwa na kumbukumbu za shule na kliniki, na mama yeyote anayejua kujumlisha anaweza kukikokotoa mwenyewe kabla ya kufika mezani.

Nitatumia viwango vya kipindi cha kwanza cha Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, uliozinduliwa mwaka 2012 chini ya TASAF, kwa sababu muundo wake ndio rahisi zaidi kujifunzia. Katika kipindi cha pili viwango vilirekebishwa, na watu wenye ulemavu wakazingatiwa katika hesabu, kwa hiyo mlengwa wa leo achukue hapa mantiki ya hesabu wala asidai tarakimu hizi mezani.

Sehemu ya kwanza ya ruzuku haikuwa na masharti. Kila kaya iliyoandikishwa ilipata shilingi 10,000 kwa mwezi kwa sababu ya umaskini wake tu, na kaya yenye mtoto wa chini ya miaka 18 ikaongezewa 4,000. Nyongeza hiyo ilikuwa ya kaya, si ya mtoto mmoja mmoja, kwa hiyo mwenye mtoto mmoja na mwenye watoto sita walilingana.

Sehemu ya pili ndiyo iliyofuata mwenendo wa watoto. Kaya yenye mtoto wa chini ya miaka mitano ilipata 4,000 kwa sharti la kliniki, na hapa pia aliyejaliwa mapacha hakuongezewa kitu. Mwanafunzi wa shule ya msingi alihesabiwa 2,000, mwisho watoto wanne. Wa kidato cha kwanza hadi cha nne 4,000, mwisho watatu. Wa kidato cha tano na cha sita 6,000, mwisho wawili. Ukijumlisha vifungu vyote kwa ukomo wake unapata 50,000, lakini hakuna kaya iliyolipwa hivyo, kwa kuwa dari la ruzuku lilikuwa 38,000 kwa mwezi. Familia kubwa zilizogonga dari hilo ndizo zilizolalamika zaidi kwamba mtoto wao fulani "hakusomwa", yaani hakuhesabiwa, ingawa alisomwa, ila juu yake hapakuwa na nafasi tena.

Tuchukue mfano. Mama ana mtoto wa miaka mitatu, mwingine yuko darasa la tatu, na mkubwa yuko darasa la saba. Kwa mwezi ana 10,000, na 4,000 ya kuwa na watoto, na 4,000 ya mdogo, na 2,000 mara mbili, jumla 22,000. Kwa kuwa dirisha la malipo, yaani awamu ya kulipa, lilipangwa kila baada ya miezi miwili, mkononi anapokea 44,000. Mwaka unaofuata mkubwa anaingia kidato cha kwanza, na kwa haki mama apate 24,000 kwa mwezi, yaani 48,000 kwa dirisha. Badala yake anapokea 40,000, na anarudi nyumbani akiamini amekatwa.

Amekatwa, ndiyo, lakini si na mtu. Kumbukumbu zake bado zinasema mtoto yuko shule ya msingi. Shule ya msingi haina tena jina hilo kwenye mahudhurio. Shule ya sekondari haijaambiwa kwamba mwanafunzi huyo ni wa kaya ya mpango. Mtoto ameangukia katikati, na 2,000 aliyokuwa akihesabiwa imeondoka bila ile 4,000 kuingia. Niliwahi kukuta kaya iliyokaa madirisha matatu katika hali hiyo kwa sababu fomu ya mabadiliko ilikuwa imejazwa vizuri kabisa, ikapigwa mhuri, kisha ikalala ndani ya droo ya ofisi moja ambayo sitaitaja. Madirisha matatu kwa upungufu wa 8,000 kila moja ni 24,000, fedha inayotosha kununua mbuzi mdogo katika baadhi ya minada niliyoizoea wakati ule.

Masharti yenyewe hayakuwa magumu kwa yule aliyeyaelewa. Mtoto wa chini ya miezi 24 alitakiwa kliniki kila mwezi, na wa miezi 24 hadi 60 kila baada ya miezi sita. Mwanafunzi alitakiwa kuhudhuria asilimia 80 ya siku za masomo za mwezi: katika mwezi wenye siku 20, akikosa nne yuko salama, akikosa tano ameshuka hadi asilimia 75. Wazazi wengi walidhani utoro wa mtoto mmoja unafuta ruzuku yote, na wapo waliowachapa watoto kwa hofu hiyo, wakati kilichoguswa ni kifungu chenye sharti na ile 10,000 ya msingi inabaki pale pale.

Huwa naulizwa pia kwa nini fedha ya shule iendelee kutolewa wakati elimu haina ada hadi kidato cha nne tangu Januari 2016, na hadi kidato cha sita tangu 2022. Ada iliondoka; sare, madaftari na chakula cha mchana havikuondoka. Mtoto wa kaya hizi hakubaki nyumbani kwa kukosa ada peke yake. Mara nyingi alibaki kwa sababu siku hiyo alihitajika shambani, au alikuwa na shati moja nalo halijakauka.

Ruzuku hii isichanganywe na ujira wa ajira za muda za mpango huo huo, ambao katika kipindi hicho ulikuwa 2,300 kwa siku, siku zisizozidi 60 kwa mwaka, wala na mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri inayotolewa kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Mkopo hurejeshwa; ruzuku hairejeshwi. Nimewaona akina mama waliokimbia mikutano ya uhakiki wakiogopa kudaiwa ruzuku ya watoto wao, na kwa kutohudhuria wakapitwa na nafasi ya kurekebisha taarifa zao.

Kwa hiyo mtoto anapozaliwa, anapohama shule au anapohamia kwa bibi yake, mama aipeleke taarifa kwa kamati ya jamii kabla ya dirisha linalofuata, aende na kadi ya kliniki au barua ya shule, na abaki na nakala yake nyumbani. Droo za ofisi nimeshazieleza.