Wengi bado si wingi

Kinyozi wangu wa Majengo ana runinga ndogo juu ya kioo, na wateja wake humaliza siasa za dunia nzima kabla mashine haijafika kisogoni. Ijumaa iliyopita ubishi ulirudi kwa Narendra Modi, Waziri Mkuu wa India, na uchaguzi wa nchi hiyo wa 2024. "Wingi si alikuwa nao?" jamaa mmoja akasema. "Viti 240, anayemfuata 99. Sasa vyama vidogo alikuwa anavibembeleza vya nini?" Wenzake wakaitikia. Mimi nilikuwa nimefungwa kitambaa shingoni, kichwa nusu, nikanyamaza. Kufika nyumbani nikashindwa.

Kwa ufupi, bungeni wingi ni zaidi ya nusu ya viti vyote. Bunge la chini la India lina viti 543, kwa hiyo wingi unaanzia 272. Mwenye 240 ameongoza, kawaacha wenzake mbali, lakini wingi hana. Maana yenyewe ndiyo hiyo. (Na wale wanaosema wingi ni "asilimia 51" nao wapunguze. Asilimia 51 ya 543 ni wabunge 277, watano zaidi ya wanaohitajika, na serikali zimeshaanguka kwa kura moja.)

Kinachonikera ni jinsi tunavyochanganya wengi na wingi, wakati lugha yenyewe imeshatutenganishia. Mzizi ni mmoja, -ingi. Ukiuvika ngeli ya watu unapata wengi. Ya viti, vingi. Ya maneno, mengi. Ukiuvika ile u- ya utu na uzuri, unapata wingi. Wengi ni watu, unawahesabu mmoja mmoja. Wingi ni hali, ama unayo ama huna. Lawama kidogo ziende shuleni, tulikokaririshwa umoja na wingi: kiti, viti; mtu, watu. Kule wingi unaanzia kwenye mbili. Wabunge wawili kwa mwalimu wa sarufi ni wingi kamili. Kwa anayehesabu kura ukumbini ni watu wawili tu.

Halafu kuna hii ya "wengi zaidi", ambayo hata Katiba yetu imeiacha na utelezi. Ibara ya 51 inamtaka Rais amteue Waziri Mkuu kutoka chama chenye wabunge wengi zaidi Bungeni, au, kama hakuna chama chenye wabunge wengi zaidi, mbunge anayeelekea kuungwa mkono na wabunge walio wengi. Rudia hapo kwenye "kama hakuna". Ikiwa wengi zaidi ni kuwapita wengine tu, basi karibu kila bunge duniani lina chama cha namna hiyo, labda vyama viwili vya juu vilingane kiti kwa kiti. Sehemu nzima ya pili itakuwa imeandikwa kwa ajili ya sare! Mimi naisoma kwamba walikusudia zaidi ya nusu, na mwisho wa kifungu unanisaidia, maana uteuzi wenyewe lazima uthibitishwe kwa kura za wabunge walio wengi. Hapa Dodoma hatujalazimika kulibishania hilo, kwa sababu tangu uchaguzi wa vyama vingi wa 1995 CCM imekuwa navyo vyote viwili, kuongoza na kuvuka nusu. Maneno yakitembea pamoja miaka yote hiyo, nani atayaona kuwa ni mawili?

Wafaransa waliyaona mwaka huo huo wa 2024. Muungano wa mrengo wa kushoto uliongoza, viti kama 180 hivi kati ya 577, usiku ule watu wakashangilia mitaani kama walioshinda. Wingi ulikuwa 289. Rais Macron akakaa hadi Septemba, kisha akamteua Michel Barnier kuwa Waziri Mkuu, ambaye chama chake hakikufikisha hata viti 50. Tarehe 4 Desemba wabunge 331 wakamwangusha. Hao 331 ndio waliokuwa na wingi, ila wa kubomoa. Wa kujenga haukuwa na mwenyewe. Bunge kama hilo nimeshasikia likiitwa "bunge la kuning'inia", kana kwamba limeanikwa kwenye kamba. Bunge lisilo na mwenye wingi, inatosha.

Sasa masoko, maana jamaa yetu alidai pia hisa za Mumbai zilianguka kwa sababu Modi alishindwa. Hakushindwa, tarehe 9 Juni aliapishwa kwa mara ya tatu. Mtu wa Kibaigwa halihitaji somo hili: anayenunua mahindi leo analipa bei ya anachokitegemea kesho, na tetesi tu kwamba malori ya wanunuzi wa nje hayaji inashusha bei ya debe kabla lori lenyewe halijachelewa. Utabiri uliotoka baada ya vituo kufungwa ulimpa Modi ushindi wa kishindo, na Jumatatu tarehe 3 Juni faharasa ya Sensex, kipimo cha bei za hisa za Mumbai, ikapanda kwa zaidi ya asilimia 3. Jumanne kura zikahesabiwa, wingi ukayeyuka, Sensex ikashuka kwa karibu asilimia 6. Kufikia Ijumaa ilikuwa imerudi ilipokuwa na kupita kidogo, kwa sababu washirika walishasema wanabaki, na muungano wote ulikuwa na 293.

Kubaki huko kulikuwa na bei. Mshirika mmoja, chama cha jimbo la Andhra Pradesh, kilikuwa na wabunge 16, na bajeti ya Julai ikaliahidi jimbo hilo rupia bilioni 150 kwa ajili ya mji mkuu wake mpya, Amaravati. Sisi ambao mji wetu uliamuliwa kuwa makao makuu mwaka 1973, na wizara zikaanza kuhamia kwa kishindo 2016, tunajua wabunge 16 wenye haraka wana thamani gani.

Tena wanaosema "soko limeanguka" waulizwe lipi. Juni 2017 Waziri Mkuu Theresa May alipoteza wingi wake Uingereza, akabaki na viti 317 huku akihitaji 326. Pauni ikashuka kwa kama asilimia 2, hisa za kampuni kubwa za London zikapanda, kwa kuwa nyingi zinaingiza dola na dola hizo sasa zilinunua pauni zaidi.

Kwa hiyo, kaka wa kiti cha pembeni, hesabu yako ilikuwa sawa: 240 kwa 99, hakuna aliyemkaribia. Badilisha neno moja tu, sema aliongoza. Ningekwambia pale pale, ila wembe ulikuwa sikioni.