Mafumbo ya Sataranji: Yanayosemwa Kijiweni na Yaliyo Kweli

Mtwara drafti ina wenyewe. Kuanzia Ligula hadi Mikindani, penye kivuli na benchi hapakosi ubao, vizibo vya soda na watazamaji wanaocheza kwa mdomo kuwashinda wachezaji wenyewe. Sataranji haijaenea kiasi hicho, na mafumbo yake hayaeleweki hata kwa vijana wanaoicheza kwenye simu kila usiku.

"Hiyo si hali iliyotokea kwenye mchezo wa watu fulani?"

Mara nyingi sivyo. Fumbo hutungwa. Mtunzi hukaa na ubao mtupu, akapanga na kupangua kete mpaka ipatikane hali yenye jibu moja tu. Kwa hiyo kuuliza "Mweupe si ana nguvu zaidi, si atashinda tu?" ni kukosa shabaha. Kushinda si hoja. Agizo linasema, kwa mfano, Mweupe aanze na atoe mati (amshambulie mfalme asiwe na namna ya kuokoka) kwa hatua mbili, Mweusi ajitetee atakavyo. Ukimaliza kwa hatua tatu, umekosa. Hatua ya kwanza huitwa ufunguo, nayo lazima iwe moja. Zikionekana mbili, fumbo limeharibika, hata liwe zuri namna gani.

"Anza na cheki, mengine yatajipa."

Kuanza na cheki, yaani kumshambulia mfalme moja kwa moja, ndilo kosa kubwa kuliko yote, na ndilo linalonichekesha zaidi, maana mcheza drafti wa Mtwara anajua fika kwamba kete unayomlisha mwenzako ndiyo inayomfunga. Akihamia sataranji, anasahau.

Panga hii, inayonasibishwa na mchezaji Paul Morphy wa Marekani (herufi a hadi h ni safu kutoka kushoto kwa Mweupe, namba 1 hadi 8 ni mistari kuanzia upande wake). Mweupe: mfalme c8, ngome a1, askari b6. Mweusi: mfalme a8, askofu b8, askari a7 na b7. Mweupe aanze, mati kwa hatua mbili.

Mwenye pupa atakula a7 kwa ngome. Ni cheki kweli, lakini askofu anaila ngome na mambo yameishia hapo. Mwingine atasogeza ngome a2, akitumaini Mweusi atajikoroga mwenyewe. Mweusi anasukuma askari a6 na mlango umefungwa. Ufunguo ni ngome kwenda a6, mahali ambapo askari wa b7 anaweza kuila bure. Hakuna cheki wala tishio lolote. Ila sasa askari wa a7 amezibiwa njia mbele, na kula b6 hawezi kwa sababu angemwacha mfalme wake wazi mbele ya ngome. Mweusi amebaki na mawili. Akila ngome, askari wa b6 anasogea b7 na ni mati. Akimwondoa askofu, popote aendapo, ngome inakula a7 na ni mati vilevile. Mweusi angeweza kupumzika asicheze, angesalimika. Kanuni haimruhusu.

Karibu kila fumbo zuri la hatua mbili liko hivyo: ufunguo wake ni hatua ya kimya. Mtunzi anayeanza na cheki huonekana mvivu, isipokuwa awe na sababu nzito.

"Mweupe na Mweusi lazima wapigane."

Si lazima. Kuna mati ya kusaidiana, ambamo kwa kawaida Mweusi huanza na pande zote mbili hushirikiana ili mfalme mweusi atiwe mati. Kuna pia aina ambayo Mweupe humlazimisha Mweusi amtie mati yeye Mweupe, naye Mweusi anakwepa ushindi kwa nguvu zote. Wazee wa kijiweni wakiisikia hiyo ya pili hutikisa kichwa.

"Ni mambo ya Wazungu."

Waarabu walikuwa wakitunga na kukusanya mafumbo tangu karne ya 9, enzi za makhalifa wa Abbasiya. Al-Adli ni mmoja wa mabingwa wa wakati huo. As-Suli, aliyefariki mwaka 946, aliacha fumbo lililokaa karibu miaka 1,000 bila mtu kulifumbua, hadi karne ya 20 alipolipatia jibu Yuri Averbakh wa Umoja wa Kisovieti. Zamani hizo malkia mwenye mbio za leo hakuwapo. Alikuwapo waziri anayejikongoja kwa mshazari, hatua moja moja.

"Kompyuta imeshamaliza kazi."

Imemaliza ukaguzi. Fumbo la hatua mbili inalipima kwa kufumba na kufumbua, na imefichua funguo za pili katika kazi nyingi zilizokuwa zikisifiwa. Kuchagua wazo, kupunguza kete zisizo na kazi, kumtega msomaji kwa jibu la uongo linalokaribia kufaulu: hayo bado ni ya mtunzi.

"Ni kwa mabingwa tu."

Sam Loyd (1841–1911) wa Marekani ni miongoni mwa watunzi wakubwa kabisa, lakini mashindanoni hakuwa tishio kwa vigogo. John Nunn wa Uingereza alimudu yote mawili: ni mchezaji mkubwa, na alikuwa bingwa wa dunia wa kufumbua mwaka 2004, 2007 na 2010.

"Hayakusaidii ukicheza."

Tazama utungo wa mchezaji na mtunzi Richard Réti wa mwaka 1921. Mweupe: mfalme h8, askari c6. Mweusi: mfalme a6, askari h5. Mweupe aanze, apate sare. Kwa macho, askari wa h5 hashikiki tena na wa c6 ataliwa. Lakini mfalme mweupe anashuka kwa mshazari, g7, f6, kisha ikibidi e5, na kila hatua inamsogeza kwa askari wote wawili kwa mpigo. Mweusi akipoteza muda kumfuata c6, wa h5 anakamatwa. Aking'ang'ania kukimbiza wake, mfalme mweupe anawahi kumsindikiza wa c6, na askari wote wawili wanafika mwisho wa ubao na kugeuka malkia. Mchezaji aliyeelewa hilo haendi tena na mfalme wake moja kwa moja bila kuutazama kwanza mshazari.